Hesabu ya Sumu Ianzie kwa Anayeila

Mwaka 1992 wataalamu wa jiolojia kutoka Uingereza walichunguza maji ya visima vipatavyo 150 nchini Bangladesh. Visima vya namna hiyo vilikuwa vimechimbwa kwa nia njema kabisa. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na mashirika ya misaada, Unicef likiwemo, waliwahimiza watu waache maji ya mito na madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara na kipindupindu, wanywe maji ya ardhini. Wataalamu wale wakapima vitu vingi katika maji. Aseniki hawakuipima. Mwaka uliofuata aseniki ikagunduliwa katika visima vya nchi hiyo, na mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani likachapisha makala iliyoliita janga hilo tukio kubwa kuliko yote katika historia la umma kunyweshwa sumu. Kesi ikafunguliwa London. Mwaka 2006 majaji wa ngazi ya juu kabisa wakaamua kwamba watafiti hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa wanywaji wa maji yale, kwa kuwa hawakusema popote kwamba maji ni salama.

Hukumu ile siiingilii. Kinachonisumbua ni safu ambayo haikuwemo kwenye jedwali. Maabara ilifanya kazi yake, namba zikaandikwa, na bado aliyesoma matokeo hakuwa na namna ya kujua kwamba kina mama waliokuwa wakiteka maji walikuwa wakiteka kitu kisicho na rangi, harufu wala ladha ambacho kingewatoa watu vidonda vya ngozi na, baada ya miaka mingi, saratani. Upande wa mlalamikaji ulidai kwamba ukimya wa ripoti ulichukuliwa kuwa ni usalama. Mahakama haikuona kosa hapo. Mimi naona somo ambalo wapimaji wa metali nzito, yaani aseniki, zebaki, risasi na jamii yao, hawajalisoma vya kutosha hadi leo.

Tathmini za hatari za metali hizi zimekuwa nyingi sana, na nyingi zinafanana kama mapacha: sampuli kadhaa za udongo, maji au samaki, mashine nzuri ya kupimia, fomula ileile, kisha sentensi ya mwisho kwamba kiashiria kiko chini ya moja na kwa hiyo hakuna hofu. Hoja yangu ni kwamba jibu la tathmini ya namna hiyo huwa limekwisha kuamuliwa kabla chupa ya kwanza ya sampuli haijajazwa. Limeamuliwa na yule aliyehesabiwa kuwa mlaji, na umbo la metali lililopimwa, na kile kilichopewa jina la "kawaida". Mtu akikosea hapo, usahihi wa mashine haumsaidii chochote.

Kiswahili chenyewe kinatutega kidogo hapa, kwa sababu tunatumia neno hatari kwa mambo mawili. Tunasema zebaki ni hatari, tukimaanisha kwamba ni sumu. Tunasema pia kuna hatari ya kudhurika, tukimaanisha uwezekano. Zebaki iliyofungwa ndani ya chupa ni sumu ileile iliyo ndani ya samaki, ila ya kwenye chupa haijapata njia ya kumfikia mtu. Katika makala hii nitaiita sumu kile kitu chenyewe, na neno hatari nitaliweka kwa ule uwezekano unaozaliwa pale sumu inapofika mwilini mwa mtu fulani, kwa kiasi fulani, kwa muda fulani. Tathmini ya kweli hupima hicho cha pili. Tathmini nyingi hupima cha kwanza, kisha zikaandika jina la cha pili kwenye jalada.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiasi cha metali kilichomo katika chakula, maji au udongo kinazidishwa kwa kile kinacholiwa kwa siku, kwa idadi ya siku na miaka, kisha kinagawanywa kwa uzito wa mwili na kwa muda wote unaohesabiwa. Hapo inapatikana dozi. Dozi hiyo inagawanywa kwa dozi rejea, yaani kiasi ambacho wataalamu wanaamini mtu anaweza kukipokea kila siku maisha yake yote bila kudhurika. Jibu ndilo mgawo wa hatari. Metali zikiwa kadhaa, migawo inajumlishwa. Jumla ikizidi moja, taa nyekundu inawaka. Isipozidi, ripoti inafungwa.

Chukua samaki mwenye nusu miligramu ya zebaki kwa kila kilo ya mnofu. Kwa miongo mingi nusu miligramu imekuwa mpaka wa kuruhusu samaki wengi kuuzwa katika nchi nyingi, kwa hiyo samaki huyu anapita ukaguzi. Sehemu kubwa ya zebaki ndani ya samaki huwa ni methili-zebaki, ile inayoingia kwenye ubongo. Mwaka 2003 kamati ya pamoja ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani iliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mtu mzima wa kilo 60 basi ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki wetu ana nusu mikrogramu katika kila gramu. Gramu 192 tu, na nafasi imekwisha. Mtoto wa kilo 15 anaimaliza kwa gramu 48, tonge chache. Samaki ni huyohuyo na cheti ni hichohicho. Kwa anayemla mara moja kwa mwezi hakuna tatizo, na kwa familia ya mvuvi inayomla kila siku hesabu inapinduka kabisa. Tathmini iliyochukua ulaji wa wastani wa nchi nzima haidanganyi, ila inamzungumzia mtu ambaye hayupo: mlaji wa wastani, mwenye kilo 60 au 70, asiyekuwa mjamzito, asiyekuwa mvuvi.

Na kuna mlaji ambaye yeye mwenyewe hali chochote. Kule Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini, madaktari walikutana na jambo ambalo hawakulitegemea. Akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo, walijifungua watoto wenye ulemavu mzito wa ubongo. Sumu ilikuwa imepita kwenye kondo la nyuma na kukaa kwa kijusi. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kondo humkinga mtoto. Kile kikomo cha mikrogramu 1.6 kimetokana na ufahamu huo. Kabla ya 2003 kilikuwa 3.3, na kilipunguzwa ili kumlinda aliye tumboni. Kwa hiyo mtafiti anayejaza uzito wa mwanamume wa kilo 70 kwenye fomula ya methili-zebaki anatumia kikomo kilichowekwa kwa ajili ya kijusi, kisha kijusi chenyewe hakitaji hata mara moja.

Hata hivyo, metali inayoumbua mgawo huu kuliko zote ni risasi. Lugha yetu imeipa jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na kwa kweli vyote viwili ni kitu kimoja; tofauti ni kwamba risasi ya kwenye rangi, bomba la maji au vumbi haina mlio. Tazama historia ya kiwango ambacho Marekani ilikiona kuwa cha kutia wasiwasi katika damu ya mtoto. Miaka ya 1960 kilikuwa mikrogramu 60 kwa desilita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikashuka hadi 40, mwaka 1975 hadi 30, mwaka 1985 hadi 25, mwaka 1991 hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. Mwili wa mtoto haukubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni uwezo wetu wa kuona. Daktari Herbert Needleman alikusanya meno ya utoto yaliyong'oka kwa wanafunzi wadogo wa shule, akapima risasi iliyomo, na mwaka 1979 akaonyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi zaidi, ambao hawakuwahi kuugua wala kupelekwa hospitali, walikuwa nyuma ya wenzao katika akili na umakini. Watoto hao wote wangeandikwa "salama" katika tathmini za wakati wao.

Mwaka 2010 ile kamati ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilikifuta kikomo cha risasi katika chakula, mikrogramu 25 kwa kilo ya mwili kwa wiki, ikasema haiwezekani kuweka kingine kitakacholinda afya. Hakuna kiasi kilichojulikana kuwa hakina madhara. Ukigawanya 25 kwa siku saba unapata takriban mikrogramu 3.5 kwa siku, yaani miligramu 0.0035. Namba hiyo bado imejaa katika tathmini zinazochapishwa, ikiitwa dozi rejea ya risasi. Shirika la mazingira la Marekani, ambalo dozi rejea zake ndizo zinazotumika zaidi duniani, halijawahi kutoa dozi rejea ya risasi, kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwepo kizingiti. Basi mtafiti anagawanya kwa kigawanyo kilichofutwa na waliokiweka, anapata 0.4 au 0.7, na anaandika kwamba hakuna hatari. Nalisema hili bila kumung'unya maneno: kuendelea kufanya hivyo ni kosa, na wahariri wa majarida wanaoliruhusu wanashiriki kosa hilo. Kwa risasi kinachofaa ni kukadiria itaongeza kiasi gani katika damu ya mtoto, na kisha kusema wazi kwamba kila ongezeko lina gharama. Unicef na shirika la Pure Earth walikadiria mwaka 2020 kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu. Watoto wengi kiasi hicho hawakutokea mahali ambapo kila hesabu ilikuwa juu ya moja.

Tuje kwenye umbo la metali, ambalo ndilo linalosahaulika zaidi maabara. Njia iliyozoeleka ni kuuchemsha udongo au mnofu katika asidi kali hadi kila kitu kiyeyuke, kisha kupima jumla. Hakuna tumbo lenye asidi ya namna hiyo. Kromi ya aina moja, yenye chaji tatu, ina sumu ndogo. Ile yenye chaji sita husababisha saratani ya mapafu ikivutwa. Aseniki iliyo nyingi katika samaki wa baharini imejifunga na kaboni katika umbo liitwalo asenobetaini, ambalo hutoka mwilini bila kuleta madhara yanayojulikana, ilhali aseniki isiyo na kaboni, ile ya kwenye maji ya visima, ndiyo inayoua. Jumla ya aseniki inaweza kumtisha mtu bure kuhusu samaki na kumtuliza bure kuhusu maji.

Kosa hili huenda pande zote mbili, na upande wa pili ndio unaouma. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi katika muda mfupi. Watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani na vijijini, na mawe yale yalikuwa na risasi. Mahali pengi duniani risasi ya ardhini huwa imeshikana na salfa katika madini ambayo tumbo huyayeyusha kwa shida. Huko Zamfara sehemu kubwa ilikuwa imegeuka kabonati, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika asidi ya tumbo. Mtoto aliyetambaa kwenye ua na kutia vidole mdomoni alikuwa akipokea risasi iliyo tayari kuingia kwenye damu, tena mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Jedwali la jumla pekee lisingeeleza kwa nini vifo vilikuwa vingi kiasi kile. Kipimo cha kuiga tumbo, ambacho huweka udongo katika asidi hafifu yenye joto la mwili na kupima kinachoyeyuka, kinapatikana na si ghali kulinganisha na mashine nyingine. Sioni sababu ya kukiacha.

Katika ikolojia hali ni mbaya zaidi, maana huko hata anayedhurika hana mtu wa kumwekea kikomo. Fomula inayotawala ni ya msomi wa Uswidi Lars Håkanson, aliyoichapisha mwaka 1980. Unachukua kiasi cha metali katika mashapo ya ziwa, yaani tope lililotuama chini, unakigawanya kwa kiwango cha asili, kisha unakizidisha kwa uzito wa sumu ya metali hiyo: zebaki 40, kadimiamu 30, aseniki 10, risasi na shaba 5, kromi 2, zinki 1. Unajumlisha. Chini ya 150 ni hatari ndogo, juu ya 600 ni hatari kubwa sana. Ilikuwa kazi nzuri, na yeye mwenyewe aliipima kwa maziwa 15 ya Uswidi. Lakini mipaka yake ya 150 na 600 aliiweka kwa jumla ya vichafuzi vinane, kimojawapo si metali kabisa bali ni kemikali za viwandani ziitwazo PCB, na aliifungamanisha fomula na rutuba ya ziwa, kwa kuwa sumu ileile haifanyi kazi sawa katika ziwa maskini na ziwa lenye uhai mwingi. Leo fomula hiyo inatumika kwa vumbi la barabarani, udongo wa shamba na mchanga wa pwani, kwa metali nne au kumi na mbili, rutuba haitajwi, na mipaka imebaki ileile. Namba inayotoka haina tena uhusiano na kitu chochote kinachoishi.

Kiwango cha asili nacho kinaweza kufanya mambo makubwa bila mtu kushtuka. Tuseme mashapo yana kadimiamu miligramu 0.9 kwa kilo. Ukitumia wastani wa miamba ya tope uliochapishwa na Turekian na Wedepohl mwaka 1961, ambao ni 0.3, unapata mara tatu, zidisha kwa 30, jibu ni 90, ambalo kwa mizani ya metali moja peke yake ni hatari ya kutazamwa kwa makini. Ukichukua kiwango cha eneo ambalo miamba yake ina 0.1, jibu ni 270, hatari kubwa. Ukilinganisha na sampuli ya jirani iliyokwisha kuchafuka, yenye 0.6, jibu ni 45 na unaweza kwenda kulala. Kinyume chake pia hutokea: kuna udongo wa asili uliotokana na miamba ya serpentini wenye nikeli na kromi kwa maelfu ya miligramu bila mkono wa mtu, na mimea iliyozoea kuishi humo. Anayeupima kwa wastani wa dunia atatangaza janga mahali ambapo hakuna.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni mwanakemia Clair Patterson. Alikuwa akitafuta umri wa dunia, na risasi ikawa inamharibia vipimo kwa kuwa ilikuwa kila mahali, hadi akalazimika kujenga maabara safi kuliko zilizokuwepo. Mwaka 1965 aliandika kwamba watu wa zama zake walikuwa na risasi mwilini takriban mara mia ya kiwango cha asili. Wapinzani wake walikuwa wakionyesha kwamba kila mtu aliyepimwa alikuwa na risasi, kwa hiyo kuwa nayo ni kawaida. Yeye akatenganisha cha kawaida na cha asili. Kadiri ninavyosoma tathmini za leo, ndivyo ninavyoona kwamba wengi wetu bado hatujavitenganisha.

Kisha kuna imani kwamba kilichopita kipimo cha binadamu kimevipita viumbe vyote. Shaba inatosha kuivunja. Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa, yaani mikrogramu 2,000. Katika maji laini, yasiyo na chokaa wala mabaki mengi ya mimea, makumi machache ya mikrogramu hutosha kuua samaki kama trauti, kwa sababu shaba hushika kwenye matamvua na kuvuruga chumvi za mwili wake. Maji hayo unaweza kuyanywa bila wasiwasi ilhali mto hauna kitu. Au chukua bati lililofungwa na kaboni, tributilini, lililopakwa kwenye matumbo ya meli lisiote konokono na mwani. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walishindwa kuzaliana na magamba yao yakanenepa ovyo, hadi mwaka 1982 Ufaransa ikaizuia rangi hiyo kwa boti ndogo. Konokono fulani wa baharini wa kike huota viungo vya kiume wakipata takriban nanogramu moja tu katika lita, sehemu moja ya bilioni ya gramu. Marufuku ya dunia nzima ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2008. Na huko California, kwenye bwawa la Kesterson, mwaka 1983 vifaranga vya ndege wa majini vilionekana bila macho, na midomo na miguu imepinda. Chanzo kilikuwa seleniamu iliyosombwa na maji ya umwagiliaji kutoka kwenye udongo wa asili wa mashamba, ikapanda kutoka mwani hadi wadudu hadi yai. Seleniamu ni kirutubisho tunachokihitaji. Hakuna fomula ya kugawanya kwa wastani wa miamba ambayo ingeliona yai lile.

Metali zinapochanganyika mambo huwa magumu zaidi. Risasi, aseniki na methili-zebaki zote hugusa ubongo wa mtoto, kadimiamu na risasi zote hugusa figo, na kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miaka kumi hadi thelathini kabla nusu yake haijatoka. Kujumlisha migawo ni jaribio la kulikabili hilo, na ni bora kuliko kuitazama kila metali peke yake.

Sisemi fomula zitupwe. Anayesimamia maeneo 300 yaliyochafuka na ana fedha za kusafisha matano anahitaji chekecheo, na mgawo wa hatari ni chekecheo zuri la kuanzia. Pia naelewa kishawishi cha mtafiti kijana mwenye bajeti ya sampuli ishirini. Ninachokataa ni chekecheo kugeuzwa hukumu. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika "kwa mtu mzima wa kilo 70 anayekula gramu hizi, tukichukulia umbo hili la metali, mgawo ni 0.6, kwa mtoto anayecheza kwenye udongo huu hatukuhesabu" na kuandika "hakuna hatari kwa wakazi". Sentensi ya kwanza ni ndefu na haipendezi kwenye vichwa vya habari. Lakini msomaji wake anajua swali lililobaki wazi, na mama mwenye mtoto huyo anajua kwamba bado hajajibiwa.

Ninachokataa vilevile ni kutumia shaka kama sababu ya kungoja. Tulikwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Ugonjwa wa Minamata ulitangazwa rasmi Mei 1956, na kabla ya hapo paka wa wavuvi walikuwa wakipepesuka na kuangukia baharini. Paka ni mlaji wa samaki, na alikuwa akitoa tathmini bila fomula. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walinyoosha kidole kwa zebaki, na mwaka huohuo daktari wa hospitali ya kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, akaona paka yule akiugua vilevile. Matokeo yakafichwa. Kumwaga kukaendelea hadi 1968, na ni mwaka huo ndipo serikali ilipokiri chanzo. Petroli yenye risasi ilichukua muda mrefu zaidi. Mhandisi Thomas Midgley aligundua kazi ya risasi ndani ya injini mwaka 1921. Wafanyakazi walikufa viwandani mwaka 1924. Na kwa miongo iliyofuata daktari Robert Kehoe, aliyelipwa na wenye viwanda, alisimamia msimamo kwamba atakayelalamika alete kwanza uthibitisho wa madhara. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha Julai 2021. Kila mwaka wa kungoja ulikuwa na ripoti zake, na ripoti hizo zilikuwa na namba.

Kwa hiyo ningependa tathmini ianze kwa miguu kabla ya kuanza kwa mashine. Mpimaji akae na watu ajue nani anakula nini, samaki yupi, sehemu gani ya samaki, mtoto anacheza wapi, maji yanatoka kisima kipi. Aulize kama ndege wanaangua, kama chaza bado wanazaa, kama paka wana afya. Halafu ndipo achague elementi za kupima, na aandike ukurasa wa kwanza zile alizoziacha na sababu ya kuziacha. Kama kuna damu, mkojo au nywele za kupima kwa ridhaa ya wenyewe, apime, kwa kuwa mwili umekwisha kufanya hesabu zote ambazo fomula inajaribu kuzikisia.

Bangladesh walifika karibu na hilo, kwa njia isiyo na fahari yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapimaji walitembea kijiji kwa kijiji na vifaa vidogo vya mkononi, wakapima visima karibu milioni tano, kimoja kimoja, kwa sababu kisima chenye sumu na kisicho nayo vinaweza kuwa mita chache tu kati yao. Mdomo wa bomba ukapakwa rangi papo hapo: nyekundu kwa kilichozidi mikrogramu 50 kwa lita, kijani kwa kisichozidi. Hamsini ni mara tano ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kulikuwa na visima vya kijani ambavyo kwingine vingefungwa. Hata hivyo mwanamke mwenye ndoo alipata jibu kuhusu maji yake mwenyewe, na familia nyingi zilihamia kisima cha jirani. Tangu wakati huo rangi imechujuka katika visima vingi, na watu wameendelea kuchimba vipya ambavyo hakuna aliyekuja kuvipima.